Shangazi, mwanangu ameuvua wavu wa uso. Nimwandikie kocha wake?

SWALI

Shangazi, shikamoo.

Mimi ni mama wa watoto wawili, na wote wanacheza hoki ya barafu. Najua si jambo linalokufikia kila siku kwenye safu hii, lakini sisi tunaishi Canada, na huku mtoto anajifunza kuteleza kwenye barafu kabla hajajua kusoma. Mkubwa ni mvulana, ana miaka 22. Mdogo ni msichana, ana miaka 15.

Tangu alipokuwa mdogo mpaka alipomaliza chuo kikuu Marekani, kijana wangu hakuwahi kuingia uwanjani bila wavu wa chuma unaofunika uso mzima, toka kwenye paji hadi kidevuni. Sheria za mashindano ya watoto zilitaka hivyo, na za vyuo vikuu vilevile. Kwangu mimi ule wavu ulikuwa sehemu ya vazi, basi. Sikuwahi kuuwazia.

Mwaka huu amesaini mkataba wa kulipwa na timu moja iliyo ngazi ya chini ya NHL, ligi kuu ya kulipwa ya hoki ya barafu huku Amerika Kaskazini. Tulifurahi, tulilia, tulipigia simu ukoo mzima. Siku ya kwanza ya mazoezi akatutumia picha. Wavu haupo. Usoni ana kioo kifupi kinachoishia puani, na hicho chenyewe amekiinua juu kama mtu anayetafuta upepo. Nikampigia. Akacheka: "Mama, huku hakuna mtu mzima anayevaa kizimba."

Haukupita muda, gongo la beki wa timu pinzani likampata mdomoni. Nilikuwa natazama moja kwa moja kwenye simu. Alishonwa mdomo wa juu, meno mawili ya mbele yakavunjika, na kipindi cha tatu akarudi kucheza. Timu yake ikaweka mtandaoni picha yake akicheka na mapengo, damu kidevuni, watu wakamwagia sifa. Baba yake naye akaisambaza kwa kaka zake wote. Mimi sikulala.

Nimejaribu kuzungumza na mwanangu kwa upole. Sababu zake ni hizi: wavu unamzuia kuona vizuri kisahani (ndicho kinachopigwa kwa gongo badala ya mpira) kikiwa miguuni, kioo kizima kinashika ukungu wa pumzi, joto linazidi, na zaidi ya yote, mchezaji mgeni akiingia na wavu atachekwa na wenzake, na wapinzani watamwona mwoga. Kisha akaniambia neno ambalo linanizunguka kichwani: "Ligi ikiamuru wote tuvae, nitavaa kesho bila kulalamika."

Mume wangu anasema kijana ni mtu mzima, ile ni kazi yake na uso ni wake, na kwamba hakuna mchezaji mkubwa asiye na pengo. Binti yangu naye akaniuliza mezani, mbele ya baba yake: "Mbona uso wangu una sheria na wa kaka hauna?" Hatukuwa na jibu, si mimi wala baba yake.

Nimemwambia mwanangu kwamba sitatazama mechi yake hata moja mpaka arudishe wavu. Akajibu, "Sawa, Mama," kwa sauti ambayo sikuipenda. Na nimeandika barua kwa kocha wake, nikimwomba amlazimishe walau msimu huu wa kwanza. Barua ipo tayari, sijaituma.

Shangazi, nijibu mambo mawili. Je, ligi za kulipwa zinakosea kutolazimisha kinga ya uso mzima, au mimi ni mama tu mwenye hofu za mama? Na barua niitume?

Mama wa Mshambuliaji

JIBU

Marahaba, binti yangu. Pole kwa usiku ule.

Barua kwa kocha usiitume. Nitakuja kukueleza sababu. Nianze na swali lako la kwanza, maana hapo una haki kuliko unavyodhani, na ushahidi bora umeuandika mwenyewe bila kujua.

Mwanao hakusema wavu haufai. Alisema ligi ikiamuru wote wavae, atavaa kesho. Soma tena maneno hayo. Kijana anayeamini kweli kwamba wavu unamharibia mchezo angesema ataupinga mpaka mwisho. Wako anasema yuko tayari, mradi asiwe peke yake. Kwa hiyo haogopi ukungu wa pumzi kama anavyowaogopa wenzake wa chumba cha kubadilishia nguo.

Hilo halikuanza na yeye. Mwaka 1969, katika mechi ya kirafiki mjini Ottawa, Ted Green wa Boston Bruins alipigwa gongo kichwani, fuvu likapasuka, akaponea chupuchupu. Wakati ule wachezaji wengi wa NHL hawakuvaa hata kofia ngumu. Tukio lile likamfikirisha mchumi wa Marekani, Thomas Schelling, ambaye baadaye alipata tuzo ya Nobel. Mwaka 1973 aliandika makala akiuliza jambo ambalo hata leo wengi hawalielewi: inakuwaje watu wenye akili timamu, ambao kwa siri wangependa wote wavae kofia, wasivae hata mmoja wao? Jibu lake kwa ufupi ni kwamba anayevaa peke yake anaogopa kupoteza kidogo, ama uwezo wa kuona ama heshima, ilhali mwenzake hapotezi kitu. Wakivaa wote, hakuna aliyempita mwingine. Kwa hiyo kila mmoja anasubiri amri, na amri isipokuja wanaumia pamoja. Wahenga walishasema kifo cha wengi harusi.

Ndiyo maana hoja ya mume wako, kwamba kijana ni mtu mzima na achague mwenyewe, haitoshi, ingawa inasikika ya haki. Uchaguzi unaofanywa huku umezungukwa na wanaume ishirini wanaokupima ujasiri kwa mapengo yako una walakini. Simlaumu baba watoto. Naye alikuwa akitafuta namna ya kujivunia mwanawe, na picha ile ndiyo iliyomjia mkononi. Lakini mwulize swali moja: je, magolikipa ni waoga?

Maana magolikipa wamepitia haya haya. Mpaka mwaka 1959 karibu kila kipa wa NHL alisimama langoni uso mtupu. Tarehe 1 Novemba mwaka huo, New York, Jacques Plante wa Montreal Canadiens alipigwa na kisahani usoni, akashonwa, na akakataa kurudi uwanjani bila barakoa aliyokuwa akiitumia mazoezini. Kocha wake, Toe Blake, hakuitaka kabisa barakoa hiyo. Lakini timu nyingi za enzi hizo hazikuwa na kipa wa pili benchi, kwa hiyo kocha akameza mate na kukubali. Plante akarudi na barakoa, Montreal wakashinda mechi ile na kuendelea kushinda. Kufika katikati ya miaka ya 1970 hakuna kipa aliyebaki uso mtupu katika ligi ile. Leo kipa akiingia bila barakoa mwamuzi hataanzisha mchezo, na hakuna shabiki atakayemwita shujaa. Watauliza kama amelewa.

Kofia ngumu nayo ilikuja kwa gharama. Januari 1968, Bill Masterton wa Minnesota North Stars alianguka chali, kichwa kikagonga barafu, akafariki siku mbili baadaye. Hakuwa na kofia. Unadhani sheria ilikuja msimu uliofuata? Ilisubiri hadi 1979, na hata hapo iliwagusa tu waliosaini mikataba mipya. Wakongwe waliachwa na nywele zao zikipepea. Wa mwisho wao, Craig MacTavish, alistaafu mwaka 1997.

Halafu kikaja kioo, hiki hiki ambacho mwanao anakiinua juu. Machi 2000, Bryan Berard wa Toronto Maple Leafs, kijana wa miaka 23 tu, alipigwa jicho la kulia na gongo la Marian Hossa lililokuwa likimalizia mzunguko baada ya kupiga kisahani. Hossa hakukusudia. Berard hakuwa na kioo. Alifanyiwa upasuaji mara kadhaa, akarudi kucheza kwa msaada wa lenzi ya jichoni, lakini uwezo wa kuona wa jicho lile haukurudi kama zamani. Sisemi hili kukutisha. Nalisema kwa sababu watu hudhani sheria za kinga zipo kwa ajili ya wachezaji wakorofi. Aliyempiga Berard alikuwa akicheza mchezo wake tu.

Hata baada ya hapo, NHL haikusogea. Mwaka 2004, mtangazaji maarufu wa huko kwenu, Don Cherry, alisema kwenye televisheni kwamba wengi wanaovaa vioo ni wachezaji wa kutoka Ulaya na wale wa jamii ya Wafaransa. Kwa maneno mengine, si wanaume kamili. Ndiyo hewa aliyoikuta mwanao, ingawa siku hizi inavutwa kimyakimya. Machi 2013, Marc Staal wa New York Rangers akapigwa jichoni na kisahani kilichobadili mwelekeo, akagaragara kwenye barafu huku kamera zikimwangalia. Hakuwa na kioo. Miezi mitatu baadaye, ligi na chama cha wachezaji wakakubaliana: kuanzia msimu wa 2013-14, mchezaji asiyezidi mechi 25 za NHL lazima avae kioo, waliotangulia wachague. Wakati huo karibu robo tatu ya wachezaji walikuwa tayari wanavaa. AHL, ligi ya chini yake, ilishalazimisha tangu msimu wa 2006-07.

Sasa nije penye jeraha la mwanao, maana ana kioo na bado meno yameondoka. Kioo kifupi kinalinda macho. Pua inapata nusu nusu, na kuanzia mdomoni kwenda chini kila mtu na bahati yake. Sidney Crosby, nyota wa NHL, huvaa kioo, na Machi 2013 kisahani kilichopigwa na mchezaji wa timu yake mwenyewe kilimvunja taya na kumng'oa meno. Kile kisahani ni kipande cha mpira mgumu cha gramu 160 na ushei, hugandishwa kabla ya mechi ili kisidundedunde, na mapigo makali hupita kilomita 160 kwa saa. Hakichagui kugonga juu ya pua.

Na utafiti upo. Mwishoni mwa miaka ya 1990, watafiti wa Canada walifuatilia timu za hoki za vyuo vikuu msimu mzima, baadhi ya wachezaji wakiwa na kioo kifupi na wengine kinga ya uso mzima. Wenye kioo kifupi walichanika usoni zaidi ya mara mbili, na majeraha ya meno yalikuwa karibu mara kumi. Hofu iliyokuwa ikitajwa sana, kwamba kinga nzima inaongeza uzito kichwani na kuumiza shingo, haikuonekana. Utafiti mwingine, kwa wachezaji wa ligi ya vijana ya Marekani, uliwalinganisha wasiovaa kitu, wenye kioo kifupi na wenye kinga nzima: wasiovaa kitu waliumia usoni, kichwani na shingoni karibu mara saba ya waliojifunika uso wote. Nikuonye tu usije ukambebea mwanao ahadi isiyo ya kweli: wavu haumkingi na mtikisiko wa ubongo. Ubongo hutikisika ndani ya fuvu hata uso ukiwa ndani ya sanduku la chuma.

Kwa hiyo, ndiyo, naamini ligi za kulipwa zinapaswa kulazimisha kinga ya uso mzima, na zifanye kwa njia ile ile iliyofanya kazi mara zote: wachezaji wapya waanze, wakongwe wamalizie walivyozoea. Katika miaka kumi na mitano hakuna atakayekumbuka ubishi huu.

Lakini hoja za upande wa pili nisizipite kama vile hazipo. Kuona miguuni ni tatizo la kweli. Kisahani kikiwa kati ya viatu, chuma cha wavu kinakatiza macho, na kioo kizima hushika ukungu kweli. Tatizo la kweli, ila dogo. Mwanao amecheza na wavu tangu utotoni mpaka akapewa mkataba wa kulipwa. Walimsajili kwa kazi aliyoifanya akiwa ndani ya wavu! Na Crosby, aliporudi na ngao iliyofunika taya, alifunga mabao matatu katika mechi moja ya mchujo dhidi ya Ottawa.

Hoja nzito kuliko hiyo ni ya wakongwe wanaodai kwamba watu wakijifunika uso wote wanakosa adabu ya gongo: wanaliinua ovyo wakijua mwenzao hataumia. Hii siidharau. Mtu akijiona salama hulegeza tahadhari, na mchezaji aliyelelewa ndani ya wavu huenda hakujifunza kulichunga gongo lake. Ila dawa yake ipo mikononi mwa waamuzi. Gongo likimgonga mtu juu ya mabega ni dakika mbili nje, na likimjeruhi, kama kutoa damu, ni nne. Adhabu ikitolewa bila kuangalia kama uso umefunikwa, magongo yatashuka. Kuacha nyuso wazi ili watu waogope kuzipiga ni kumfanya kijana wako rehani ya adabu za wengine.

Na kuna sababu ambayo haisemwi sana kwenye mikutano: ngumi. NHL bado huwapa wapiganaji dakika tano nje kisha wanarudi kucheza, na sehemu ya mashabiki hununua tiketi kwa ajili hiyo. Uso ukiwa nyuma ya chuma, ngumi haina pa kutua. Mimi kwangu hiyo ni faida, lakini wapo wanaoiona hasara, na wana sauti kubwa.

Swali la binti yako ndilo lililonifurahisha kuliko yote katika barua. Mjibu kweli: uso wake una sheria kwa sababu wanawake na watoto hawakuulizwa kama wanaona aibu. Shirikisho la kimataifa la hoki ya barafu, IIHF, linawataka wanawake wote na kila aliye chini ya miaka 18 wavae kinga ya uso mzima. Wanaume watu wazima katika mashindano yake wanatakiwa kioo tu. Utakuta kijana wa miaka 17 anaitwa timu ya taifa kwenye mashindano ya dunia ya vijana, anavaa wavu. Akirudi klabuni kwake kwenye ligi kuu ya vijana huko Canada, anauvua na kuvaa kioo kifupi. Taya ni lile lile, wiki mbili tu zimepita. Hakuna daktari aliyeandika utaratibu huo, ni mazoea tu. Na mwambie binti kwamba wanawake wanafunga mabao mazuri kabisa wakiwa ndani ya nyavu zao, kama hajaligundua tayari.

Sasa barua ya kocha. Kwanza, kocha hana mamlaka hayo. Vifaa vya lazima huamuliwa na ligi pamoja na chama cha wachezaji. Mwaka 2013 mlango ulifunguka pale chama chenyewe kilipokubali. Pili, fikiria barua hiyo inasomwa na nani mwingine. Mwanao ni mgeni pale, anatafuta nafasi. Siku ikijulikana kwamba mama yake ameandika, wavu utakuwa umepata jina, na jina hilo atalibeba msimu mzima. Utakuwa umemfungia mlango ambao huenda angeufungua mwenyewe. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi, nakubali, lakini mwana mwenyewe ana miaka 22 na mkataba wenye saini yake.

Kama unataka kuandika, andika kwa ligi na kwa chama cha wachezaji, kwa jina lako kama mzazi, usimtaje mwanao wala timu. Shirikiana na wazazi wengine wenye vijana wanaotoka vyuoni, maana wote wanavuka daraja lilelile kila mwaka. Sheria za macho kwa watoto wa Canada zilikuja kwa sababu kulikuwa na watu wasiochoka, akiwemo daktari wa macho wa Toronto, Tom Pashby, aliyekusanya rekodi za watoto waliopofuka mpaka wakubwa wakaona haya.

Kwa mwanao, badili unachokiomba. Ukidai wavu utapata "Sawa, Mama" nyingine. Dai vitu ambavyo hawezi kukataa bila kuonekana mtoto. Kioo akishushe: kanuni ya IIHF inataka kifunike macho na kufika ukingo wa chini wa pua, na kioo kilichoinuliwa juu ni pambo tu. Mkanda wa kidevu aukaze, usipitishe zaidi ya kidole kimoja. Kinga ya meno avae ile iliyotengenezwa na daktari wa meno kwa kipimo cha kinywa chake, na kwa kuwa sasa anamwona daktari huyo kwa ajili ya yale mawili, kisingizio hana. Jino likitoka zima siku nyingine, lishikwe upande ule unaoonekana mdomoni, lisisuguliwe mzizi, liwekwe kwenye maziwa na apelekwe haraka.

Na shingo. Oktoba 2023, Adam Johnson wa Nottingham Panthers alikatwa shingoni na kiatu cha barafu katika mechi mjini Sheffield, Uingereza, akafariki. Baada ya hapo IIHF ikalazimisha kinga ya shingo katika mashindano yake, na makubaliano ya NHL ya mwaka 2025 yanawataka wachezaji wapya waivae kuanzia msimu wa 2026-27. Ukiniuliza mimi ni kitu gani kimoja ningekipigania nyumbani kwako wiki hii, ningeanza na shingo, kisha kioo kushushwa, kisha wavu. Mdomo uliochanika hushonwa.

Hapo ndipo utakapopata na nafasi ya wavu. Meno yakiwa yanatengenezwa, ana sababu ya kitabibu ya kuvaa ngao nzima kwa muda, na hakuna chumba cha kubadilishia nguo kinachomcheka mtu mwenye jeraha. Mwambie amwombe daktari wa timu. Avae wiki hizo. Akizoea na akiendelea kufunga, aamue mwenyewe kama anaivua. Wengine huivua siku hiyo hiyo, sikufichi.

Kuhusu mgomo wako wa kutotazama, uache leo. Mpigie, usitaje uso wala meno, mwulize mechi ijayo ni saa ngapi. Hakuna sheria ya kinga iliyowahi kupita kwa sababu mama mmoja alizima simu yake, na kijana akiumia tena utataka kuwa wa kwanza kujua. Baba yake naye akitaka kusambaza picha nyingine, mwambie asambaze ya bao.

Shangazi